Kata ya Stesheni, Nachingwea

Mtu akishuka kwenye basi mjini Nachingwea, mkoani Lindi, na kumwambia mwendesha bodaboda ampeleke Stesheni, hataulizwa swali la pili. Atapakiwa, atafikishwa, na atateremshwa katikati ya nyumba, miembe na vibanda vya maduka, mahali ambapo hakuna reli, hakuna jukwaa la abiria, wala hakuna behewa hata moja. Stesheni ni jina la kata, limo katika orodha za serikali pamoja na kata nyingine zote za wilaya, na kijana aliyempakia abiria huyo huenda hajawahi kuiona treni kwa macho yake, kwa kuwa reli iliyoipa kata hiyo jina ilifungwa mwaka 1962 na kisha ikang'olewa.

Mimi nimekulia hapo. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba Stesheni ni jina tu la mtaa, kama vile Sokoni au Majengo, na sikuona sababu ya kuuliza maana yake. Nilikuwa na miaka tisa nilipopelekwa Dar es Salaam kwa mara ya kwanza, nikaonyeshwa jengo la Reli ya Kati na mabehewa yamepangana nyuma yake, nikaambiwa kwamba hii ndiyo stesheni. Nilimgeukia mama nikamwuliza mbona ya kwetu haina treni. Mama akaniambia kwamba jibu la swali hilo liko kwa mjomba, kwa sababu mjomba ndiye aliyeiona. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimwuliza mjomba, nikisoma kila nilichoweza kukipata, na nikienda mwenyewe kulitembea tuta la reli kila ninaporudi nyumbani. Ninayoyaandika hapa ni matokeo ya miaka mingi ya kuuliza.

Ili mtu aielewe stesheni yetu, inabidi kwanza akumbuke jinsi reli zilivyokuwa zimeigawa nchi. Reli ya Tanga ilifika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, tawi la Mwanza likafika ziwani mwaka 1928, na Arusha ikapata treni yake mwaka uliofuata. Kusini hakukuwa na kitu. Wajerumani walikuwa wamewaza reli ya kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa, na mtu wao aliyeitwa Paul Fuchs alitumwa kuipima njia hiyo na uchumi wake, lakini reli haikujengwa. Waingereza walipoichukua nchi baada ya vita, nao walitawala Jimbo la Kusini kwa zaidi ya robo karne bila kujenga huku njia kuu ya reli ya kuunganisha bara na pwani. Mazao yalibebwa kichwani au kwa malori machache, na meli zilizokuja Lindi zilitia nanga mbali na ufuko, shehena ikashushwa kwenye matishari, kwa sababu maji ya pale ni mafupi.

Kilichobadilisha hali hiyo kilitoka mbali. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na wananchi wake waliendelea kupewa chakula kwa mgawo. Mwaka 1946 Frank Samuel, aliyekuwa mkurugenzi wa kampuni ya United Africa, aliipendekezea serikali yake kwamba karanga zilimwe Afrika kwa mashine, katika mashamba makubwa kuliko yoyote yaliyowahi kulimwa. Serikali ikatuma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, na ujumbe huo ukatumia wiki tisa tu kuzunguka na kutathmini ardhi. Mpango uliotoka hapo ulikuwa wa mashamba 107, kila shamba likiwa na ekari 30,000, yaani jumla ya ekari 3,210,000. Mashamba mengi yalipangwa Tanganyika, machache Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Katika hayo 107, mashamba 55 yalitakiwa kuwa Jimbo la Kusini. Nusu ya ndoto yote, na zaidi kidogo, iliwekwa kwetu.

Watu wengi wanapousikia Mpango wa Karanga hukumbuka Kongwa, huko Ugogo, na ni haki yao, kwa sababu kazi ilianzia Kongwa na matatizo yalionekana huko mapema zaidi. Lakini katika karatasi za waliopanga, Kongwa ilikuwa sehemu ya kuanzia tu, kwa sababu ilikuwa karibu na Reli ya Kati. Nachingwea ndiyo iliyotakiwa kuwa mji mkuu wa karanga. Mvua za huku zinaaminika zaidi kuliko za Ugogo, na udongo ni mwepesi zaidi. Kilichokosekana ni njia ya kupitisha matrekta kuyaingiza na karanga kuzitoa, kwa sababu shehena ya mamia ya maelfu ya tani kwa mwaka haiwezi kupita kwenye barabara za udongo na matishari ya Lindi. Kwa hiyo Kusini ilihitaji vitu viwili kwa pamoja: reli, na bandari yenye kina.

Bandari ilichaguliwa Mtwara, ambako ghuba ina kina kirefu kiasi cha meli kubwa kuweza kufunga gatini. Wakati huo Mtwara haikuwa mji. Mji ulikuwa Mikindani, jirani yake wa zamani. Ujenzi wa bandari ya namna hiyo ulihitaji miaka, na wenye mpango hawakutaka kungoja. Wakajenga gati la muda Mkwaya, ndani ya hori la Lindi, na vyuma vya reli vikaanza kushushwa hapo. Njia ikajengwa kutoka Mkwaya, ikafuata bonde la Mto Lukuledi kupitia Ruo, ikapanda bara hadi Nachingwea. Ilikuwa reli yenye upana wa mita moja, sawa na nyingine za Tanganyika, na uendeshaji wake ukawa chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948. Njia ilifunguliwa mwaka 1949.

Hapa ndipo ninapopata uchungu kila ninaposoma historia hii. Reli ilipofika Nachingwea, mpango ulioizaa ulikuwa tayari unayumba. Kule Kongwa udongo ulikuwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, majembe ya mashine yalikuwa yakilika kwa wiki chache, mizizi ya vichaka iliwashinda wenye matingatinga, na maji yalikuwa haba. Lengo la mwaka 1947 lilikuwa kulima ekari 150,000, na hawakufikia hata sehemu ya kumi yake. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango wa kulima karanga kwa wingi umekoma, na takribani pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Stesheni ya Nachingwea ilikuwa haijatimiza miaka miwili.

Lakini reli haikufungwa siku hiyo. Kazi ya bandari ya Mtwara iliendelea, gati likakamilika mwaka 1954, na njia ikaunganishwa kutoka Ruo hadi Mtwara, kwa hiyo treni ikaweza kutoka baharini penye kina hadi mlangoni kwetu, safari ya takribani kilomita 200. Mwishoni mwa miaka ya 1950 tawi likapelekwa Masasi. Mashamba yaliyokwisha kufyekwa Nachingwea yalipewa shirika jingine, Tanganyika Agricultural Corporation, lililojaribu kilimo cha kiasi kidogo na kuwaingiza wakulima wenyeji kama wapangaji. Kwa miaka kumi na mitatu, kutoka 1949 hadi 1962, Nachingwea ulikuwa mji wa reli, na hayo ndiyo maisha ambayo mjomba aliyaona.

Mjomba ni kaka yake mama, na huku kwetu mjomba ndiye mwenye neno la mwisho katika mambo ya ukoo, kwa hiyo hata maswali yangu ya treni nilikuwa nikimpelekea kwa adabu, baada ya shikamoo na baada ya chai. Baba yao, yaani babu yangu, aliajiriwa katika genge la reli. Genge ni kikundi cha vibarua waliopewa kipande cha njia wakitunze: kukaza misumari na bolti, kurudisha kokoto chini ya mataruma, yaani vile vipande vilivyolazwa kukingama ili reli ikae juu yake, kufyeka majani pembeni, kuzibua makalavati kabla ya masika. Nyapara wao alitembea mbele akiwa ameinama, akiangalia kama chuma kimepinda, na jioni alitoa taarifa stesheni. Babu alifanya kazi hiyo mpaka mwisho. Mjomba anasema kwamba mikono ya baba yake ilikuwa na harufu ya chuma na grisi ambayo sabuni haikuiondoa, na kwamba watoto wa genge walitambulika shuleni kwa sababu walikuwa na viatu.

Treni yenyewe ilikuwa ya mchanganyiko, mizigo na abiria pamoja, na iliburutwa na kichwa cha mvuke. Mjomba anakumbuka kwanza sauti. Kabla ya moshi kuonekana, anasema, reli zilianza kulia kwa sauti nyembamba, na watoto walilaza masikio kwenye chuma ili wajue kama bado iko mbali, jambo walilochapwa kwa ajili yake mara nyingi. Kisha honi, kisha wanawake waliokuwa wamekaa kivulini waliinuka na vikapu vyao vya mihogo ya kuchemsha, ndizi, maembe na karanga za kukaanga. Nilimwuliza karanga hizo zilitoka wapi. Akanijibu kwamba zilitoka kwenye mashamba ya watu wenyewe, ya jembe la mkono, kama zilivyokuwa zikilimwa kabla ya Waingereza kuja kulima karanga na kama zinavyolimwa hadi leo.

Nimeyatafakari sana maneno hayo. Karanga za kikapu, zilizouzwa dirishani mwa behewa na wanawake wa Kimwera na Kimakua, ziliendelea kuota kwa sababu aliyezilima aliijua ardhi yake. Alijua shamba gani lipumzishwe, alijua kuzichanganya na mahindi au mihogo, na hakutegemea zao moja. Hakuna aliyemwuliza mwanamke huyo katika zile wiki tisa za 1946. Ninaamini kwamba angeulizwa, reli yetu ingejengwa kwa hesabu nyingine, ndogo zaidi na ya kweli zaidi, na pengine ingekuwepo.

Stesheni, kwa maelezo ya mjomba, haikuwa kubwa. Palikuwa na ofisi ya mkuu wa stesheni na dirisha la tiketi, ghala la mizigo, tangi la maji la kunyweshea kichwa, njia za pembeni za kupanga mabehewa, na nyumba za wafanyakazi zilizopangwa kwa mistari. Taa za ofisi zilikuwa za mafuta. Watu waliokuwa na barua za ndugu zao walioko Mtwara au Lindi walikuja kuzipokea siku ya treni, na mtu aliyekuwa amefariki mbali na nyumbani, habari yake ilifika kwa treni hiyo hiyo. Mkuu wa stesheni alivaa kofia na alijulikana na mji mzima kuliko mkuu wa wilaya, kwa sababu mkuu wa wilaya hakumwuzia mtu tiketi. Bibi yangu, aliyefariki nikiwa kijana, alipanda treni mara moja tu maishani mwake, alipokwenda Mtwara kumwuguza dada yake. Hakuwahi kuisimulia safari ile kwa mpangilio. Alichokirudia kila mara ni kwamba aliona miti ikikimbia nyuma na hakutapika, na jambo hilo la kutotapika alilitaja kwa fahari mpaka uzeeni.

Mwaka 1962 treni ikakoma. Tanganyika ilikuwa imepata Uhuru wake tarehe 9 Desemba 1961, na reli ya Kusini ilikuwa ikiendeshwa kwa hasara kwa sababu mzigo haukutosha kulipia gharama. Sitaki kuwalaumu waliotoa uamuzi huo. Serikali changa ilikuwa na shule za kujenga na hospitali za kufungua, na ilirithi njia ya reli iliyojengwa kwa ajili ya mamia ya maelfu ya tani za karanga ambazo hazikuwahi kuvunwa. Mtu akiletewa hesabu hiyo mezani, na kando yake akaona orodha ya vijiji visivyo na zahanati, ni rahisi kuelewa kalamu yake ilikoelekea. Mwaka uliofuata, 1963, njia ya kuunganisha Mnyusi na Ruvu ilifunguliwa huko kaskazini, na kwa mara ya kwanza reli ya Tanga na Reli ya Kati zikawa mtandao mmoja. Nchi ilikuwa inaimarisha reli zenye mzigo.

Hata hivyo kuna jambo ambalo hesabu ile haikuliona, nalo ni korosho. Katika miaka hiyo hiyo ambayo mabehewa yalikuwa yakirudi Mtwara nusu matupu, wakulima wa Mtwara, Masasi, Newala, Lindi na Nachingwea walikuwa wakipanda mikorosho. Hawakuwa na matingatinga wala mkopo wa pauni milioni moja. Mkorosho hauhitaji udongo wa fahari. Unaota kwenye mchanga ambao mazao mengine huukataa, huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, na hufikia nguvu yake kamili miaka kadhaa baadaye. Miti iliyopandwa katika miaka ya 1950 ilikuwa inaingia kwenye uzao wake mkubwa wakati reli inang'olewa. Uzalishaji wa nchi ukapanda mwaka hadi mwaka, hadi ulipofikia takribani tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, na sehemu kubwa ya korosho hizo ilitoka kusini, katika wilaya zile zile ambazo reli ilizipitia au ilizikaribia. Zao ambalo lingeweza kuilisha reli lilikuwa ardhini, likikua, siku ambayo watu wa genge walipoambiwa warudishe nyundo zao.

Baadaye korosho nazo ziliporomoka. Watu walihamishiwa vijijini, mbali na miti yao, bei ikawa mbaya, na ubwiri unga ukashambulia maua mpaka wakulima walipozoea kupuliza salfa. Zikainuka tena, na msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Kila mwaka, kuanzia Oktoba, mimi huyaona malori yamejipanga nje ya maghala, yakisubiri kupeleka magunia Mtwara. Korosho huvunwa mwishoni mwa kiangazi, na mvua zetu huanza kati ya Novemba na Desemba, kwa hiyo kila msimu ni mbio kati ya lori na tope. Mtu aliyewahi kusukuma gari lenye magunia ya korosho kwenye barabara ya udongo, mvua ikinyesha, hahitaji kuelezwa reli ni nini.

Nimesikia watu wakisema kwamba reli ya Kusini ilikuwa kosa tangu mwanzo. Ninalipinga neno hilo. Mpango wa Karanga ulikuwa kosa, kwa namna ulivyopangwa na kwa dharau yake kwa waliokuwa wakiilima ardhi hiyo. Reli ilikuwa jambo jema lililopewa sababu mbaya ya kuzaliwa, na ilihukumiwa kwa sababu hiyo, siyo kwa mahitaji ya watu iliowapitia. Bandari ya Mtwara ilizaliwa na mpango ule ule, nayo haikung'olewa, kwa kuwa gati halikunjwi likabebwa. Leo hakuna mtu anayeiita kosa.

Baada ya 1962 mashamba ya karanga yaliyoachwa yalipata kazi nyingine. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoundwa Dar es Salaam mwaka huo huo wa 1962, kilipewa eneo Nachingwea katikati ya muongo huo, na hapo ndipo ilipokuwa kambi yake kuu ya mafunzo, chini ya Samora Machel, hadi Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Mahali hapo panaitwa Farm 17 mpaka leo, jina lililobaki kutoka kwenye namba za mashamba ya karanga. Wapiganaji na mizigo yao waliingia kwa malori, na vumbi la barabara likawa sehemu ya vita vyao. Wakati huo mjomba alikuwa kijana, na anasema kwamba baadhi yao walimwuliza swali lile lile nililomwuliza mama: kwa nini panaitwa Stesheni?

Mwaka jana, baada ya mavuno, nilimwomba mjomba anionyeshe upya kila kitu, kwa sababu umri wake sasa unaukaribia muongo wa tisa na mguu mmoja haumtii. Tulianza mashambani, nje ya mji. Anayejua kutazama ataliona tuta: mstari wa udongo ulioinuka kiasi cha goti, mahali pengine kiunoni, ukipita katikati ya mikorosho kwa unyofu ambao hakuna njia ya miguu inayoufuata. Wakulima wamelilima kushoto na kulia, wakaliacha lenyewe kwa sababu bado lina kokoto ndani yake. Mvua ikinyesha, watu hupita juu ya tuta ili wasikanyage maji, kwa hiyo lingali njia. Tulifika kwenye kalavati moja, la zege, mdomo wake umezibwa nusu na mchanga. Mjomba aliinama, akaingiza fimbo, akachokoa mchanga taratibu mpaka maji machache yakapata upenyo. Hakusema kitu. Nilikumbuka kwamba kazi ya baba yake ilikuwa hiyo.

Nyumbani kwa marehemu bibi kuna taruma la chuma lililolazwa mlangoni kama kizingiti. Nimelikanyaga maelfu ya mara bila kulitazama. Safari hii nilipiga magoti nikalifuta vumbi. Lina umbo la sinia refu lililopinduliwa, ncha zake zimekunjwa chini ili ziushike udongo, na kwenye mgongo wake kuna matundu mawili mawili ambamo vishikizo vya reli vilipita. Kando ya tundu moja chuma kimelika, siyo kwa miguu ya wanafamilia, kwa kuwa hapo mguu haufiki, bali kwa reli iliyokuwa ikitikisika juu yake kila treni ilipopita. Nililipima kwa kiganja: viganja vinane na nusu. Mjomba anasema babu alilinunua kwa shilingi chache wakati vyuma vilipokuwa vikiondolewa, na kwamba alilibeba kichwani yeye na mwenzake, akasema nyumba ya mtu wa reli haiwezi kukosa taruma.

Kipande kingine kiko kwenye shule niliyosoma. Ni kipande cha reli chenye urefu wa mkono, kimetundikwa kwa waya kwenye tawi la mwembe, na mwanafunzi wa zamu hukigonga kwa bolti. Sauti yake haifanani na kengele ya shaba. Ni kali mwanzoni, kisha hubaki hewani kwa muda mrefu, na asubuhi yenye ukungu husikika mpaka ng'ambo ya bonde. Ndiyo iliyonipeleka shule miaka saba. Mjomba akiisikia husema kwamba hiyo ndiyo sauti ya mwanzo ya treni, ile nyembamba iliyokuja kabla ya moshi, na mimi, ambaye sikuisikia treni hiyo, sina namna ya kujua isipokuwa kumwamini.

Siku hizi habari za reli zimerudi. Serikali ina mpango wa reli ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa, yenye matawi ya kwenda Liganga kwenye chuma na Mchuchuma kwenye makaa ya mawe, ndoto ambayo kwa sehemu ni ile ile ya kuunganisha ziwa na bahari ya kusini. Makaa ya mawe ya Ruvuma tayari yanapita kwa malori kwenda gatini Mtwara. Ninautaka mpango huo kwa moyo wote, na ninaomba wanaouchora wakae na wakulima muda mrefu kuliko wiki tisa.

Mwisho wa matembezi yetu tulirudi mjini, kwenye uwanja uliokuwa stesheni. Kuna nyumba sasa, na kibanda cha kuuza vocha, na watoto walikuwa wanacheza mpira. Mjomba aliutafuta kwanza mwembe mmoja mkubwa, akauegemea mpaka pumzi ikarudi, kisha akaniambia nihesabu. Akatembea kwa fimbo yake kuelekea kaskazini, polepole, na watoto wakasimamisha mpira wao wakatupisha. Hatua ya kumi na nne akasimama, akauchora mstari mchangani kwa ncha ya fimbo, na akasema kwamba ukingo wa jukwaa ulikuwa hapa, na kwamba behewa la daraja la tatu, lile alilopanda bibi, mlango wake ulikuwa ukisimama hapa hapa.